Webb ilinusurika mara mbili. Uongozi ulifanya nini hasa?

Mtazamanyota

Wakuu, habari za jioni.

Kuhusu vioo vya darubini ya angani ya James Webb, dhahabu yake na picha zake, yameandikwa mengi. Upande wa uongozi wa mradi naona watu wanapita juu juu. Mwanzoni ilisemwa itagharimu dola bilioni moja hivi na kuruka 2007. Julai 2011 kamati ndogo ya bajeti ya Bunge la Marekani ikapendekeza mradi ufutwe kabisa. 2018 ukayumba tena. Hatimaye darubini ikaruka Desemba 25, 2021 kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, gharama ikiwa karibu dola bilioni 10, na kila kilichotakiwa kufunguka kikafunguka.

Kati ya kuyumba na kufaulu kilibadilika nini? Hadithi za "dira" na "kujituma" sizitaki. Naomba vitu vya kushika mkononi: akiba ya muda na fedha kiasi gani, nani anakagua nini, makosa yapi yalitafuna ratiba. Na kama kuna linaloweza kushushwa hadi kwa timu ya watu kumi wanaounda setilaiti ndogo ya saizi ya Taifa-1 ya Kenya, nitashukuru zaidi.

BiHesabu

Wengi huanzia 2018. Wewe anzia 2010.

Mwaka huo jopo huru chini ya John Casani liliukagua mradi na kukuta kwamba kiufundi kazi inakwenda vizuri. Teknolojia kumi mpya, zile zilizoogopwa na kila mtu, zilikuwa zimeshathibitishwa tangu mwanzoni mwa 2007. Ugonjwa ulikuwa kwenye bajeti na usimamizi. Bajeti iliyoidhinishwa 2008 haikuwa na fedha ya kubeba hata matatizo ambayo mradi wenyewe ulikuwa umeshayaona.

Hapo ndipo mtego unapofunga. Tatizo linatokea Machi, akiba ya mwaka huo imekwisha, kiongozi anasukuma kazi fulani hadi mwaka ujao ili hesabu za mwaka huu zikae sawa. Kazi iliyosukumwa hairudi peke yake. Wanaoisubiri wanaendelea kulipwa, maabara imekodiwa, na mwaka ujao nao unaanza na deni. Ukifanya hivyo miaka mitatu mfululizo, una mradi ambao fedha yake yote inaishia kulipia kusubiri. Ukisikia mkuu wa mradi anasema "tuko ndani ya bajeti", swali la pili liwe: kazi gani iliyopangwa mwaka huu haijafanyika?

Mpango mpya wa 2011 uliweka ukomo wa dola bilioni 8 hadi kurushwa, tarehe ikawa Oktoba 2018, na ndani yake miezi 13 ya akiba ambayo fedha zake zimeshatengwa. Msisitizo wangu uko kwenye fedha kutengwa. Akiba ya muda isiyo na mishahara ndani yake ni kalenda tu.

Kiasi gani? Kanuni za usanifu za Goddard, kituo cha NASA kilichosimamia Webb, zinataka mwezi mmoja wa akiba kwa kila mwaka tangu kuidhinishwa hadi kuanza kuunganisha. Miezi miwili kwa kila mwaka wa kuunganisha na kujaribu. Wiki moja kwa kila mwezi ukiwa kwenye uwanja wa kurushia. Fanya hesabu: miaka mitatu ya kuunda, miwili ya kuunganisha na kujaribu, miezi miwili uwanjani. Unapata miezi 3, jumlisha 4, jumlisha wiki 2. Miezi saba na nusu, na yote ikae kwenye ule mlolongo wa kazi unaoamua tarehe ya mwisho. Kuna watu hujumlisha siku za ziada walizo nazo kwenye kazi za pembeni, halafu wanashangaa kwa nini akiba "ipo" lakini haisaidii.

Ona pia kwamba akiba inanenepa mwishoni, wakati wa majaribio. Si bahati mbaya. Kwenye karatasi kila kitu huingiana. Makosa hujitokeza vipande viwili vya watu wawili tofauti vinapokutana mezani.

Uzito nao una akiba yake: asilimia 30 wazo likiwa changa, 20 kwenye usanifu wa awali, 15 kwenye usanifu wa kina. Aliyeanza na asilimia 10 ataishia kukata vifaa vya sayansi, maana huwezi kupunguza uzito wa tangi la mafuta kwa kikao.

FundiMitambo

Nakubaliana na dada hapo juu, ila fedha peke yake haikazi nati.

Ripoti ya 2018 ya bodi huru chini ya Tom Young ndiyo ya kusoma mara mbili. Ilitaja makosa ya kibinadamu, matatizo yaliyojificha ndani ya chombo, uzoefu mdogo hasa kwenye ile ngao ya jua (pazia linaloikinga darubini na joto la jua), matumaini kupita kiasi, na ugumu wa mfumo wenyewe. Kwenye makosa ya kibinadamu yalitajwa matatu, na yote matatu ni ya kawaida kabisa, ya karakana:

Vali za mfumo wa kusukuma chombo zilisafishwa kwa kiyeyushi kisichofaa, zikaharibika.

Nyaya za jaribio ziliunganishwa vibaya, vipimo vya shinikizo vikapata volteji kubwa kuliko uwezo wake.

Boliti za vifuniko vya ngao ya jua hazikufungwa inavyotakiwa. Chombo kikaingizwa kwenye jaribio la kelele, lile linaloiga mngurumo wa roketi, na kilipotoka vipande kama 70 vya boliti, nati na washa vilikuwa vimelegea au kudondoka, vingine vikawa vinasakwa ndani ya chombo.

Bodi ilikadiria kwamba makosa hayo matatu yaligharimu kama dola milioni 600 na miezi 18. Vioo 18 vya beriliamu vilivyopakwa dhahabu havikusumbua kiasi hicho. Kilichosumbua ni nati.

Nati inafungwaje basi ili isirudi kukudai? Nati ya kujifunga ina sehemu inayobana thredi. Boliti ikiwa fupi, sehemu hiyo haishiki kitu, na kwa macho inaonekana imefungwa vizuri tu. Kwa hiyo ncha ya boliti itokeze upande wa pili kwa walau thredi mbili nzima. Kabla ya kukaza, pima kwanza nguvu ya kuizungusha nati ikiwa huru. Ikizunguka kirahisi bila ukinzani, imechoka, itupe. Hiyo nguvu ya kuzungusha unaijumlisha kwenye nguvu ya kukaza iliyoandikwa kwenye mchoro, vinginevyo unakaza pungufu. Spana ya kupimia iwe na stika ya urekebishaji ambayo haijapitwa na tarehe. Ukimaliza, chora mstari wa rangi kuanzia kichwa cha boliti hadi kwenye bati, ili ikisogea hata kidogo mstari ukatike. Kisha mtu wa pili, ambaye hakushika spana, asaini. Awe anatazama kweli. Saini ya mtu aliyekuwa chumba cha pili ni mapambo.

Hili la saini si utani. Septemba 6, 2003, kwenye kiwanda cha Lockheed Martin huko Sunnyvale, setilaiti ya hali ya hewa NOAA-N Prime iliangushwa sakafuni ikigeuzwa kwenye mkokoteni wake. Boliti 24 zilizotakiwa kuishikilia hazikuwepo, zilikuwa zimetolewa kwa ajili ya kazi nyingine. Karatasi zilionyesha mambo yako sawa. Kuitengeneza kuligharimu dola milioni 135.

Kwenye kiyeyushi dawa ni fupi: kitu chochote kinachogusa kifaa na hakimo kwenye orodha ya mtengenezaji, mpigie mtengenezaji kabla ya kukigusisha. Kwenye nyaya: kabla ya kuchomeka kebo ya jaribio kwenye kifaa kitakachoruka, ipime kila pini kwa mita, kebo ikiwa imechomekwa kwenye chanzo kilichowashwa na upande wa kifaa ukiwa bado huru. Dakika arobaini za kazi ya kuchosha.

Mlinzi_wa_Ratiba

Mtazamanyota, umeuliza kilichobadilika. Machi 2018 Greg Robinson alikabidhiwa usukani wa programu upande wa makao makuu ya NASA. Inajulikana kwamba aliukataa wadhifa huo kabla ya kuukubali, na simlaumu. Kipimo kinachotajwa sana baada ya hapo ni ufanisi wa ratiba: ulikuwa karibu asilimia 55, ukapanda hadi 95 hivi.

Namba hiyo wengi huitaja bila kuifungua. Chukua mwezi wenye siku 20 za kazi. Ukipanga kazi ya siku 20 na ukamaliza ya siku 11, uko asilimia 55, na siku 9 zimechotwa kwenye akiba. Mwenye akiba ya miezi saba, yaani siku 140, ataimaliza katika miezi 15 na nusu hata kama hakuna ajali yoyote. Kwenye asilimia 95 unachota siku moja kwa mwezi. Akiba ileile inakaa miaka. Sasa unaona kwa nini kuongeza akiba bila kugusa ufanisi ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Kupandisha namba hiyo hakutokani na kupiga kelele. Siku zinapotea kwa mambo madogo: hatua za kazi zimeandikwa jana usiku na mkaguzi hajazisoma, kifaa cha kunyanyulia kiko chumba kingine, zamu ya usiku haikuambiwa zamu ya mchana iliishia wapi, mwenye kusaini yuko safarini. Kila asubuhi kaa na orodha ya kazi za siku tatu zijazo na uulize kwa kila moja: karatasi ipo? zana ipo? mtu yupo? kibali kipo? Lisilo na vyote vinne lisiingie kwenye mpango wa siku hiyo. Jioni hesabu siku zilizopotea na andika sababu kwa neno moja. Baada ya wiki sita utagundua sababu mbili tu ndizo zinakula nusu ya muda.

Bodi ya Young ilitoa mapendekezo 32. Ninaloliona kubwa kuliko yote ni lile la kurudi nyuma kutafuta matatizo yaliyojificha: kupekua upya michoro, kumbukumbu za majaribio na vifaa vyenyewe, bila kusubiri vijitokeze. Linauma, maana unamlipa mtu kukagua kazi iliyokwisha kusainiwa. Lakini ukishajua kwamba vile vipande 70 vilipita mikono yote hiyo, una haki gani ya kuviamini vilivyobaki?

Tarehe mpya ikawa Machi 2021, gharama nzima bilioni 9.66. Korona na matatizo ya kiufundi yakaisogeza hadi Oktoba 31, kisha ikasogea tena hadi Desemba.

Kioo_na_Kivuli

Nitapinga kidogo. Tusimbebeshe mtu mmoja sifa zote. Robinson alikuta timu ya Goddard chini ya Bill Ochs ambayo ilikuwa na mradi tangu enzi za ule mpango mpya, na wahandisi wa mfumo chini ya Mike Menzel waliokuwa na daftari la sehemu 344 ambazo yoyote ikishindwa hakuna mbadala. Asilimia 80 hivi ya hizo zilihusu kujikunjua. Huko iliko, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, hakuna fundi wa kutumwa.

Uongozi mzuri kwangu unaonekana kwenye jinsi daftari hilo lilivyotumika. Ngao ya jua ina tabaka tano za plastiki, la kwanza unene wa milimita 0.05, mengine 0.025, eneo lake kama uwanja wa tenisi. Ilizuiwa na pini 107 za kuachia, ikavutwa kwa kebo zinazopita kwenye puli kama 400. Kitu laini kama hicho ni vigumu kukokotoa kwa uhakika kitakavyojikunja bila uzito. Walikikunjua na kukikunja upya duniani, kikachanika mahali kadhaa, kebo zikanasa, wakarekebisha. Uzoefu mdogo uliotajwa kwenye ripoti ulikuwa hapa.

Na walichokiamua kwa busara ni kutokuacha kazi ya kukunjua ijiendeshe yenyewe. Ukiondoa hatua chache za mwanzo kama paneli ya jua, kila hatua iliagizwa kutoka duniani, na ratiba ilikuwa na ruhusa ya kusimama. Januari 2, 2022 ilikuwa zamu ya kukaza tabaka za ngao. Injini za kukazia zilionekana na joto zaidi ya ilivyopendwa. Hakuna aliyesema "tuko kwenye ratiba, endelea". Walisimama, wakakigeuza chombo kidogo injini zipoe, wakasawazisha umeme wa paneli, timu ikalala. Tarehe 3 wakakaza tabaka tatu, tarehe 4 mbili zilizobaki. Kwa mkuu wa mradi kusimama huko ndiko mtihani wenyewe, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inaangalia saa.

Kwa wenzetu wa Pwani: siku ya kurushwa, kituo cha Malindi kilikuwa kwenye mnyororo wa vituo vilivyoifuatilia Ariane 5. Na kutoka San Marco, jukwaa la kurushia lililo baharini hapo Ngomeni, ndiko Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, ilikorushwa Desemba 12, 1970.

Mfano wa uongozi uliokosekana ni Hubble, darubini ya angani iliyoitangulia Webb. Kioo chake kikuu kilikuwa bapa kupita kiasi kwa maikroni 2.2 ukingoni, kwa sababu lenzi moja kwenye kifaa cha kupimia ilikaa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Vifaa vingine viwili vya kupimia, vya usahihi mdogo zaidi, vilionyesha kwamba kuna kasoro. Vikapuuzwa, eti kile bora hakiwezi kukosea. Vipimo viwili vikigombana, kazi isimame mpaka sababu ijulikane. Kama ratiba haina nafasi ya kusimama hivyo, ratiba ndiyo mbovu.

Mtazamanyota

Shukrani sana wakuu, nimejaza kurasa nne. BiHesabu, ile hesabu ya miezi saba na nusu nimeibandika ukutani. Lakini sisi tuna watu kumi, mwaka mmoja na nusu, na hakuna mkaguzi wa kulipwa. Katika yote haya, nichukue lipi kwanza?

FundiMitambo

Vipimo na maungio kabla ya kitu kingine. Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichotumwa Mirihi, kilipotea Septemba 23, 1999 kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa msukumo kwa paundi na sekunde, upande wa pili ukausoma kama nyutoni na sekunde. Tofauti ya mara 4.45. Chombo kikapita kwenye urefu wa kilomita 57 tu juu ya Mirihi. Waongozaji walikuwa wameona kwamba hesabu haziendani, ila wasiwasi wao haukufika panapohusika kwa njia rasmi.

Kwa hiyo: waraka mmoja wa maungio, kurasa zisizidi kumi. Kila pini ya kila kiunganishi, volteji, mkondo wa juu, na kila namba inayopita kati ya kompyuta mbili na kipimo chake kikiwa kimeandikwa pembeni. Anayeubadilisha ni mtu mmoja tu, na akiubadilisha anawaambia wote siku hiyohiyo.

Pili, zitandaze kadi zote mezani na uziunganishe kwa nyaya kabla ya kuzibana ndani ya fremu. Ziache ziendeshe siku kadhaa bila kuzimwa. Hitilafu nyingi za programu hujitokeza baada ya saa nyingi, dakika tano hazikuonyeshi kitu.

Antena inayofunguka kwa kuyeyusha uzi: ifungue walau mara ishirini, na kadhaa kati ya hizo iwe kwenye baridi kali na betri ikiwa karibu kuisha, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyokuwa huko juu. Na msisahau kanuni za setilaiti hizi ndogo: vitu vya kufunguka visubiri dakika 30 baada ya kutoka kwenye kasha, redio isirushe mawimbi kabla ya dakika 45. Hesabu ya dakika hizo iandikwe mahali pasipofutika, la sivyo kompyuta ikijiwasha upya inaanza kuhesabu sifuri kila mara na redio haitawaka milele.

Mlinzi_wa_Ratiba

Naongeza moja. Mkaguzi wa kulipwa hamna, sawa. Badilishaneni: mtu wa umeme akague kazi ya mtu wa fremu, na wa programu akague ya umeme. Mgeni huuliza maswali ya kijinga, na ya kijinga ndiyo yanayohitajika. Kwa mwaka mmoja na nusu wenu, kama miezi tisa ni ya kuunganisha na kujaribu, akiba yenu kwa kanuni ya BiHesabu ni zaidi kidogo ya miezi miwili. Iandikeni kwenye ratiba kwa jina lake, na aliyeomba kutumia siku hata tatu aeleze mbele ya wote.

BiHesabu

Na kama mmeshaitumia yote kabla ya jaribio la mtetemo, mwambieni mfadhili wiki hiyo hiyo. Msingoje ripoti ya robo mwaka.

Mtazamanyota

Nimeelewa. Fundi, swali la mwisho: ule mstari wa rangi kwenye boliti, rangi ya kucha inafaa?

FundiMitambo

Kwenye modeli ya mazoezi mezani, poa. Kwenye inayoruka hapana: ndani ya ombwe inatoa mvuke, na mvuke huo unaganda kwenye lenzi yenu. Tumieni epoksi iliyo kwenye orodha ya vifaa vyenye mvuke mdogo, tone dogo kwa sindano, na muiache ikauke kwa muda wote ulioandikwa kwenye kopo.